Naibu sherifu Marekani: kazi yenyewe, masharti yake, na mahali waombaji wetu wanapokwama

Swali la msomaji: "Nina miaka 26, mzaliwa wa Fizi, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Sasa naishi San Diego, California, na nina green card. Nimefanya kazi ya ulinzi madukani miaka mitatu. Nimeona tangazo la kazi ya naibu sherifu na mshahara umenivutia, ila sielewi hasa mtu huyu anafanya nini, anatofautianaje na polisi wa mjini, na kama mtu wa Kiswahili kama mimi anaweza kupita. Naombeni mnijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Ndugu yetu, tuanze na neno lenyewe, maana limeshawapoteza wengi. Kwetu naibu ni mtu mkubwa: naibu waziri, naibu spika, naibu gavana. Naibu sherifu si mtu wa pili ofisini. Ni askari wa kawaida wa cheo cha kuanzia. Anaitwa naibu kwa sababu mwenye mamlaka kisheria ni mtu mmoja tu, sherifu aliyechaguliwa na wananchi wa kaunti, na wengine wote, wawe mia au elfu kadhaa, wanatenda kwa niaba yake. Msaidizi mkuu wa sherifu ana jina lake lingine. Na kwa wale wa Lamu na Mombasa: sherifu huyu hana undugu na masharifu. Neno lake limetoka kwenye Kiingereza cha kale, lilikuwa la msimamizi wa wilaya wa mfalme.

Hilo la kuchaguliwa lina uzito kuliko linavyosikika. Mkuu wa polisi wa mji huajiriwa na mji, na mji ukimchoka unamwondoa. Sherifu anajibu kwa wapiga kura. Kwa kawaida muhula wake California ni miaka 4, isipokuwa waliochaguliwa 2022 walipewa 6 ili uchaguzi wao uhamie mwaka mmoja na wa rais, 2028. Bajeti yake inapita kwa halmashauri ya kaunti, lakini amri za kazi hazitoki huko. Desemba 2024 halmashauri ya San Diego ilipitisha sera ya kupunguza ushirikiano wa jela na maofisa wa uhamiaji, na sherifu akajibu kwamba sera za jela anaziweka yeye, chini ya sheria ya jimbo. Ukiingia kazini, huyo ndiye bosi wako, na akibadilika baada ya uchaguzi, mambo mengi ofisini yanaweza kubadilika naye.

Sasa mipaka. Mji wa San Diego una polisi wake, kwa hiyo City Heights, wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki, ni eneo la polisi. Doria ya sherifu iko sehemu zisizo ndani ya mji wowote, kama Spring Valley, Ramona na Fallbrook, pamoja na miji 9 isiyo na polisi wake, inayoilipa ofisi ya sherifu iilinde: Vista, Santee, Lemon Grove, Encinitas na mingine. Ila jela na mahakama ni za kaunti nzima. Mtu akikamatwa na polisi wa mji pale City Heights, anakabidhiwa kwenye jela ya sherifu.

Ukipima kwa mizani ya nyumbani: Tanzania polisi wana IGP wao, magereza wana Kamishna Jenerali wao, na anayemtoa mpangaji kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama. Ofisi ya sherifu ni hao wote chini ya paa moja. Ndiyo maana swali "anafanya nini" halina jibu moja. Inategemea umepangiwa wapi.

San Diego wanatangaza nafasi mbili zenye majina yanayofanana, na hapa soma tangazo kwa macho mawili. Moja ni naibu sherifu kamili, mwenye mamlaka ya polisi saa zote, anayepita depo kubwa, yaani chuo cha mafunzo ya askari, na kuishia kwenye gari la doria. Nyingine ni naibu wa jela na mahakama. Huyu yuko chini ya kifungu 830.1(c) cha sheria ya jinai ya California: mamlaka yake ya kiaskari yanafanya kazi anapotekeleza majukumu hayo tu. Mafunzo yake ni mafupi zaidi, na akitaka kuhamia doria baadaye lazima aanze depo kubwa mwanzo. Los Angeles hawakugawa hivyo: wote wanatoka depo moja na kwa kawaida wote wanaanzia jela, na kungoja gari kunaweza kuchukua miaka. Wapo walioomba wakiwaza king'ora, wakajikuta na funguo.

Kwa hiyo tukae kidogo jelani, maana ndiko unakoweza kutumia miaka yako ya kwanza, na ndiko kazi inakoeleweka vibaya zaidi.

Jela ya kaunti siyo gereza la jimbo. Wengi waliomo ni mahabusu, hawajahukumiwa. Lakini tangu Oktoba 2011 wengi wanaohukumiwa kwa makosa yasiyo ya kutumia nguvu wanatumikia kifungo jela ya kaunti badala ya magereza ya jimbo, kwa hiyo majengo yaliyojengwa kwa ajili ya watu wa wiki na miezi yana watu wa miaka. Utakutana na mlevi wa jana usiku, mgonjwa wa akili asiye na kwao, na mtu anayesubiri kesi ya mauaji, wote zamu moja.

Mapokezi yanakwenda hivi. Kabla jela haijampokea mtu, muuguzi anamwangalia. Kama ameumia vibaya, ana maumivu ya kifua au amelewa kiasi cha kutoweza kusimama, anakataliwa na ofisa aliyemleta anampeleka hospitali kwanza. Akipokelewa: kupekuliwa, vitu vyake kuorodheshwa na kufungwa kwenye mfuko, picha, alama za vidole. Kisha upangaji wa makundi: ana maadui ndani, yuko kwenye genge, kesi yake ni ya aina gani, amewahi kujaribu kujiua? Kumweka mtu selo isiyo yake ni kosa linaloua. Sheria pia inampa simu 3 zilizokamilika ndani ya saa 3 tangu kukamatwa, na mzazi mwenye watoto wadogo wanaomtegemea anaongezewa 2 za kupanga nani awaangalie. Zamu ikiwa na watu wengi hizo simu ndizo zinazosahaulika, na wakili atauliza.

Halafu kuna ukaguzi wa usalama, mwepesi kuuelezea na mgumu kuufanya vizuri usiku wa manane. Kanuni za jimbo zinataka kila mtu aonekane kwa macho angalau mara moja kila saa, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine zisipite dakika 60. Aliyewekwa kwenye selo maalumu kwa sababu ya hatari ya kujidhuru anaangaliwa mara 2 katika kila nusu saa. Kuonekana maana yake uone ngozi na uone pumzi: simama, tazama kifua kinapanda na kushuka, na kama blanketi limefunika uso, mwite ashushe. Asipojibu, unaita msaada na unaingia na naloxone mkononi, dawa ya kumzindua aliyezidiwa, maana fentanyl, dawa ya kulevya kali, inaingia jela licha ya kila tahadhari. Makosa yanayofukuzisha watu ni yale yale: kutembea kasi mbele ya milango bila kugeuza shingo, au kuandika kwenye daftari ukaguzi ambao hukuufanya. Kamera zipo, na la pili hilo ni kughushi. Mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti Februari 2022 kuhusu jela za kaunti yako hiyo hiyo: watu 185 walikufa humo kati ya 2006 na 2020, na ukaguzi wa usalama usiotosha ulikuwa mojawapo ya mambo aliyoyakuta. Ukienda kwenye usaili bila kuijua ripoti hiyo, umejinyima swali ambalo ungelijibu vizuri.

Mahakamani kazi ni tulivu, na utulivu wenyewe ndio mtego. Unasimamia mashine za ukaguzi mlangoni, unaleta mahabusu kutoka chumba cha kusubiria, unaangalia wazee wa baraza, yaani wale raia wanaoamua kesi huku, wasizungumze na mtu. Dakika ya hatari inajulikana: mshtakiwa amekuja mwenyewe kutoka nyumbani, mkewe na kaka zake wako viti vya nyuma, na jaji anasema aende ndani leo hii. Naibu mzuri anakuwa ameshasogea nyuma yake kabla jaji hajamaliza sentensi, na mwenzake anaangalia viti vya nyuma, si mshtakiwa.

Kitengo cha nyaraka za madai hakimo kwenye picha za matangazo, lakini ndicho kinachogusa watu wetu kuliko vingine. Chukua kesi ya kumtoa mpangaji. Mwenye nyumba akishinda, karani wa mahakama anampa hati ya kurudishiwa nyumba. Anaipeleka ofisi ya sherifu pamoja na maelekezo ya maandishi na ada. Naibu anakwenda mara ya kwanza kutoa notisi au kuibandika mlangoni. Mpangaji ana siku 5. Zikiisha anarudi kwa miadi. Mwenye nyumba au wakala wake lazima awepo, na fundi wa kufuli. Naibu anagonga, anajitambulisha, anangoja, anagonga tena. Akiingia anapita chumba kwa chumba, makabatini na uvunguni, hadi ajiridhishe hakuna aliyebaki. Waliomo wanatoka, kufuli linabadilishwa, nyumba inakabidhiwa kwa maandishi. Habebi kochi. Vitu vilivyobaki ni mzigo wa mwenye nyumba, naye lazima avitunze siku 15, au 18 kama notisi ya vitu hivyo ilikwenda kwa posta.

Kinachoharibika hapo ni karatasi. Hati inataja nyumba kubwa, kumbe mdaiwa anaishi kibanda cha nyuma chenye namba yake. Naibu hawezi kuinyoosha hati ifike uani. Au anatokea mtu mzima ambaye jina lake halimo kwenye kesi, anatoa fomu ya kudai haki ya kuwamo na kitambulisho. Kama mwenye nyumba hakutumia utaratibu wa kuwahusisha wasiojulikana tangu mwanzo wa kesi, naibu anasimamisha shughuli na jambo linarudi mahakamani, hata fundi wa kufuli akiwa ameshafungua boksi. Kitengo hicho hicho kinapeleka amri za zuio za ukatili wa nyumbani, bure kwa anayelindwa, na kumtaka aliyezuiwa asalimishe silaha zake papo hapo, au ndani ya saa 24 kama hakuombwa pale pale. Kinapeleka pia amri za kukata mshahara kwa waajiri na za kuzuia akaunti benki.

Doria hatutaikalia sana. Filamu zimeshakufundisha sehemu yake, japo vibaya. Tofauti kubwa na polisi wa mjini ni umbali. Ukiwa milima ya mashariki ya kaunti uko peke yako, na mwenzako anaweza kuwa mbali kwa dakika nyingi, kwa hiyo mdomo unafanya kazi ambayo mjini ingefanywa na magari manne. Simu nyingi ni ugomvi wa nyumbani, watu walio kwenye mgogoro wa akili, ajali, na kutafuta waliopotea. Moto wa nyika ukija, kama ule wa Cedar wa Oktoba 2003, manaibu ndio wanaozunguka mlango kwa mlango kuhamisha watu.

Sasa masharti. Kwa askari kamili, umri ni miaka 21 siku ya kuajiriwa, uko salama. Uraia: tangu 1 Januari 2023 California haidai tena uwe raia. Inatosha kuwa na haki ya kisheria ya kufanya kazi Marekani. Green card yako inatosha kwa sheria ya jimbo, lakini soma tangazo la ofisi husika mstari kwa mstari. Illinois nayo ilifungua mlango 1 Januari 2024. Majimbo mengi bado yanataka raia, kwa hiyo ukihama, swali hili linaanza upya. Na hata California, kuna kikwazo cha silaha: mtu aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida sheria ya shirikisho haimruhusu kushika bunduki, na askari asiyeweza kushika bunduki haajiriki. Kwako hilo halipo.

Kosa kubwa la jinai linafunga mlango moja kwa moja. Ila wengi hawajui kuhusu makosa madogo. Ukihukumiwa kwa kumpiga mke au mpenzi, hata kama uliambiwa ukubali kosa dogo ili yaishe, sheria ya shirikisho ya 1996 inakunyang'anya haki ya silaha. California nayo ina orodha ya makosa madogo yanayokunyima silaha miaka 10. Kama una jambo la namna hiyo, mwone wakili kabla hujajaza chochote.

Elimu: sekondari ya Marekani, au mtihani wa GED au mwingine unaolingana nao uliokubaliwa na jimbo, au shahada ya chuo chenye ithibati, ya miaka 2 au zaidi. Diploma ya Exetat, mtihani wa taifa wa Kongo, ya shule za kambini usiitegemee. Hata ukiipata karatasi yake, utapoteza miezi ukibishana. Fanya GED. Ni masomo 4: hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, kila moja linataka alama 145 kati ya 200. Unaweza kufanya moja moja.

Baada ya hapo unakuja mtihani wa kusoma na kuandika wa POST, tume ya jimbo ya viwango vya askari. Unachukua kama saa 2 na nusu, na alama inatolewa kwa kipimo ambacho 50 ni wastani. Ofisi nyingi zinaanzia 42, nyingine juu zaidi. Ukifeli, usikimbilie ofisi ya jirani wiki ijayo: kurudia kabla ya siku 30 kunabatilisha matokeo. Sehemu inayowaangusha watu wetu inaitwa CLOZE. Unapewa kifungu cha habari ambacho kila neno la saba limeondolewa, pameachwa vistari vinavyoonyesha idadi ya herufi. Mengi ya maneno hayo yaliyoondolewa ni madogo, kama "the", "of", "had", "into". Kiswahili hakina "the", na kihusishi kimoja chetu kinabeba kazi ya vitatu vyao, kwa hiyo mtu anaelewa habari yote na bado anajaza vibaya. Dawa yake si kukariri msamiati mgumu. Chukua gazeti la Kiingereza, funika kila neno la saba kwa kalamu, lijaze kesho yake, kila siku kifungu kimoja kwa wiki nane.

Udhaifu huo huo unakufuata hadi kwenye ripoti, ambayo ndiyo kazi halisi ya naibu popote atakapokuwa. Kiswahili kina "yeye" tu. Mtu akiwa amechoka anachanganya "he" na "she", na katika ripoti ya ugomvi wa nyumbani kosa hilo linamgeuza aliyepigwa kuwa mpigaji. Wakili wa utetezi atakusomea sentensi yako polepole mbele ya watu kumi na wawili. Andika kwa majina ya ukoo, siyo viwakilishi, hadi uzoee.

Mwili: mwisho wa depo kuna majaribio matano. Kukimbia njia yenye kona na vizuizi ya yadi 99, ikiwemo kuruka kizuizi cha inchi 34. Kuburuta mwanasesere wa pauni 165, sawa na kilo 75, kwa futi 32. Kupanda uzio wa wavu wa futi 6, kisha ukuta wa futi 6, kila mara ukimalizia na mbio za yadi 25. Mwisho mbio za yadi 500. Jumla inatakiwa angalau pointi 384. Wanaofeli wengi wanafelia ukuta, na ni mbinu zaidi ya misuli: mguu mmoja ukutani na kifua kivuke juu kwanza, mikono peke yake haitoshi. Ofisi nyingi zina jaribio lao jingine kabla ya kukuajiri.

Upekuzi ndio chujio kubwa. Fomu ya historia yako ni kitabu: mahali ulipoishi kwa miaka 10 au tangu ukiwa na 15, kazi zote, mabosi, majirani, ndugu, wapenzi wa zamani, madeni, faini za barabarani, dawa za kulevya. Kisha mpelelezi anawapigia hao watu. Ofisi nyingi zinaongeza kipimo cha uongo. Mtu hafukuzwi sana kwa alichofanya akiwa na miaka 17. Anafukuzwa kwa alichokificha akiwa na 26. Bosi aliyekuachisha kazi, mtaje. Dawa ya kulevya uliyotumia na fomu inaiulizia, itaje, na tarehe kadiri unavyokumbuka.

Kwa mtoto wa kambini kuna mitego ambayo mpelelezi wa kaunti hajawahi kuiona. Kwanza, tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikishwa 1 Januari kwa sababu hakukuwa na cheti. Kama ni wewe, andika tarehe ya nyaraka zako rasmi, na ueleze pembeni ilivyopatikana. Pili, majina: kadi ya UNHCR inasema moja, shule nyingine, green card ya tatu. Yote yaorodheshe kwenye sehemu ya majina mengine, pamoja na makosa ya tahajia. Tatu, anwani: Nyarugusu haina namba ya nyumba, kwa hiyo andika zoni, kijiji na klasta, na miaka. Nne, kazi ya posho ulizofanyia mashirika kambini ni kazi. Iandike na utafute mtu mmoja mwenye barua pepe anayeweza kuithibitisha.

Tano, na hili ni zito: familia. Kuna mafaili ya uhamisho wa wakimbizi kuja Marekani ambamo mpwa aliandikwa mtoto, au mke hakuandikwa. Fomu ya sherifu itakuuliza ndugu zako wote, na majibu yako ni nyaraka. Kama faili lako la uhamiaji halifanani na ukweli, kaa na wakili wa uhamiaji kwanza, kabla hujagusa fomu. Vivyo hivyo kama uliwahi kuchukuliwa na kundi lenye silaha kule nyumbani, hata kwa nguvu, hata kwa siku chache.

Ukipita hapo unapewa ajira yenye masharti, na ndipo wanapokupima afya na akili. Sheria ya shirikisho hairuhusu vipimo hivyo mapema zaidi. Cha akili ni mitihani ya maandishi isiyopungua miwili na mazungumzo na mwanasaikolojia. Usijaribu kuonekana malaika. Mitihani hiyo ina maswali ya kumkamata anayejipamba. Kuhusu vita na vifo ulivyoviona, jibu kama ilivyo na useme unavyoishi navyo leo.

Depo ya jimbo ni saa 664 kwa uchache, masomo 42, na vyuo vingi vinazidisha hapo. Hesabu miezi sita. Kisha unapanda gari na mwalimu wa doria kwa wiki 10 au zaidi, akikupa alama kila siku, na majaribio ya kazi si chini ya miezi 12. Katika kipindi hicho wanaweza kukuachisha bila maelezo mengi. Wageni wanakwama kwenye redio. Askari wa California wanataja herufi kwa majina yao: Adam, Boy, Charles, David, Edward. Anza leo kusoma namba za magari barabarani kwa alfabeti hiyo, kwa sauti, hadi ulimi uzoee.

Kuhusu nguvu: tangu 1 Januari 2020 California inaruhusu nguvu ya kuua pale tu inapokuwa ya lazima kuokoa maisha au kuzuia jeraha kubwa, na siku hizi askari anayemwona mwenzake akizidisha nguvu lazima aingilie. Askari akipatikana na utovu mkubwa, ukiwemo uongo, jimbo linaweza kumvua cheti, na hawezi tena kuhamia kaunti ya jirani kama zamani. Kuhusu uhamiaji, sheria ya jimbo iliyoanza 2018 inakuzuia kumuuliza mtu hali yake ya ukaazi au kumshikilia kwa ombi la ICE, idara ya uhamiaji ya shirikisho, peke yake, ingawa jela inaweza kuwakabidhi baadhi ya waliohukumiwa kwa makosa makubwa. Watu wa mtaani watakuuliza. Uwe na jibu.

Kiswahili chako ni mtaji. Ofisi nyingi zinaongeza malipo kwa lugha, kwa hiyo uliza kama Kiswahili kimo kwenye orodha yao. Lakini kitumie kutuliza mtu na kupata jina na anwani. Mahojiano ya mshukiwa na kusomewa haki zake mwachie mkalimani aliyethibitishwa. Kiswahili cha Fizi na cha Mombasa havilingani kwenye maneno kama "wakili" na "kukubali", na kesi nzima inaweza kusimama juu ya neno hilo moja.

Kadi yako ya ulinzi na miaka yako mitatu madukani vina faida, hasa kama kuna ripoti za matukio ulizoandika na msimamizi atakayekusemea. Omba nakala sasa, kabla kampuni haijabadilisha mmiliki. Tafuta pia fomu ya historia kwenye tovuti ya POST wiki hii, uijaze kwa penseli, na uone mashimo yako yako wapi wakati bado unasomea GED.